Kutoka Wodini Hadi Ushauri wa Menejimenti

Ukitaka kutoka kazi ya hospitali uingie ushauri wa menejimenti, yaani kazi ya kushauri kampuni na taasisi jinsi ya kujiendesha vizuri, anza na wasifu wa kazi (CV), maana hapo ndipo wahudumu wengi wa afya hukwama. Uwe ukurasa 1. Punguza orodha ya huduma za kitabibu ulizotoa. Andika ulichobadilisha na kwa kiasi gani: muda wa wagonjwa kusubiri ulishuka kutoka dakika ngapi hadi ngapi? Kupanga zamu za wauguzi ni uongozi, nako kuandike hivyo.

Kampuni kubwa za ushauri kama McKinsey, BCG na Bain husaili kwa kesi: unapewa tatizo, tuseme hospitali inayopata hasara, nawe unalichambua kwa sauti mbele ya msaili. Daktari aliyezoea kutambua ugonjwa haraka hukimbilia jibu, na hapo ndipo anapoanguka. Gawa tatizo kwanza. Mapato ni idadi ya wagonjwa mara malipo ya wastani. Gharama ni zile za kudumu na zinazobadilika kulingana na idadi ya wagonjwa. Kisha omba takwimu. Fanya mazoezi na mtu anayekuhoji, kusoma peke yako hakutoshi, na upige hesabu za asilimia bila kikokotoo.

Madaktari hawalazimiki kusomea uzamili wa biashara kwanza. Wauguzi na wafamasia wajaribu pia kampuni ndogo zinazoshauri sekta ya afya pekee.