Kumfikisha Kuku wa Nyama Machinjioni Bila Kuiharibu Nyama Yake

Mfugaji wa Chanika, Mkuranga au Kibaha anayelisha soko la Dar es Salaam huhangaika na kuku wa kisasa kwa wiki tano au sita, kisha huweza kuiharibu nyama katika saa chache za mwisho. Kuku anayepatwa na hofu au joto kali muda mfupi kabla ya kuchinjwa huunguza upesi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, na tindikali inayotokana nayo hujaa wakati mwili bado una joto, hivyo kidari huwa cheupe, teketeke na chenye kuvuja maji. Akihangaika kwa muda mrefu, sukari humwishia kabla ya kisu, tindikali haitoshi, na nyama huwa na weusi, huwa kavu na huharibika mapema.

Chakula kiondolewe saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, safari na foleni ya machinjioni vikiwa ndani ya hesabu hiyo, lakini maji yabaki bandani hadi wakamataji waingie. Utumbo uliojaa huchafua nyama wakati wa kupasua. Njaa iliyozidi nayo hupunguza uzito na kuudhoofisha utumbo ukapasuka kirahisi.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi hapa Pwani. Kuku hana tezi za jasho, hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na katika unyevu wa Desemba hadi Machi kuhema huko humsaidia kidogo tu. Kwa hiyo kamata usiku kwa mwanga hafifu, ili gari liwe limeshapita Mbagala au Kimara kabla jua halijapanda, kwa sababu gari likisimama kwenye foleni upepo hukatika na kuku wa matenga ya katikati ndio wanaokufa kwanza. Acha nafasi kati ya matenga, wala usifunike kwa nailoni.

Mkamate kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, kamwe usimvute kwa bawa moja. Ile desturi ya kuwaning'iniza kuku kichwa chini kwenye bodaboda sioni utetezi wake: kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo matumbo humlemea asiweze kupumua vizuri, naye hupigapiga mabawa njia nzima.

Wakifika, wakae kivulini penye hewa kabla ya zamu yao. Anayechinjwa awekwe kwenye koni ya bati ili asijipigize, na damu itoke yote kabla ya kutiwa kwenye maji ya moto.

Baada ya kunyonyoa, kagua mapaja, kidari na viungo vya mabawa. Damu iliyovilia ikiwa bado nyekundu, kuku aliumia muda si mrefu uliopita, basi zungumza na wakamataji na dereva. Ikiwa imeanza kuwa ya kijani, jeraha lina takriban siku nzima au zaidi, na kosa litafutwe bandani.