Ukijiona si kitu, anza na daftari

Mteja alivaa gauni nililomshonea, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Fundi, limenikaa!" Nikamjibu, "Aa, ungejua hapo begani nilivyopaharibu." Hakuwa ameona kitu. Baada ya maneno yangu akaanza kulivutavuta bega, akaondoka kanuna. Miaka yote nilidhani ule ni unyenyekevu, kumbe ni kujidharau tu.

Basi, jambo la kwanza: ukisifiwa, sema "asante" kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata "lakini" usiongeze. Siku za mwanzo ulimi utakuwasha.

Kazi yenyewe ni ya daftari. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza, andika kilichotokea, bila chumvi. Ya pili, andika maneno yaliyokupita kichwani, vilevile yalivyokuja, hata yawe ya aibu. Ya tatu ni ushahidi, wa kukushtaki na wa kukutetea. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: Suruali imerudishwa. "Sijui kazi, sijawahi kuijua." Kiuno nilikosea kipimo, ni kweli, lakini mwezi huu nimeshona nguo 19 na iliyorudi ni hii moja.

Safu ya tatu haikuniambia kwamba mimi ni bingwa. Iliniambia nifumue kiuno. Siku nyingine ushahidi hauji. Hapo najiuliza kama maneno ya safu ya pili ningemtamkia kijana ninayemfundisha kushona. Nisingethubutu.

Zoezi hili lina asili yake kwenye tiba ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliyeona miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walipitiwa na mawazo ya kujishusha, ya haraka mno, wakayapokea bila kuyahoji. Ukiyaandika, yanasimama ukayatazama.

Kusimama mbele ya kioo na kujiimbia sifa sikushauri. Nilijaribu, nikajiona tapeli. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, watafiti wa Kanada, walichapisha kwamba watu wanaojithamini kidogo, wakirudia kujiambia kuwa wao ni wa kupendwa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wasiorudia.

Badala yake, jiahidi jambo dogo kila siku, dogo hata uone haya kulitaja, ulitimize. Mimi nilianza na kufagia vipande vya nguo kabla ya kufunga kazi. Picha za watu mitandaoni zinazokuacha mnyonge, ziondoe machoni; hapo hapahitaji maelezo marefu.

Ila huzuni ikikukalia karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, muone daktari au mshauri nasaha. Ukianza kuwaza kufa, nenda leo hii, na umwambie mtu wa karibu akusindikize. Lichukue na daftari. Maneno yakikukwama, mpe asome.