Kuitoa Python 2 kwenye seva bila kuua mfumo mzima

Python 2 (toleo la zamani la lugha ya programu ya Python) ilishaachwa rasmi tangu Januari 1, 2020, viraka vya usalama hakuna tena, ila seva za zamani bado unaikuta imekaa tu maana ilikuja na mfumo wenyewe. Hapa naongelea Debian na Ubuntu, aina za Linux zinazoweka na kutoa programu kwa apt. Wa CentOS 7 ishieni hapa hapa, yum yenyewe (kifaa chake cha kuweka programu) imeandikwa kwa Python 2, mimi nilishaitoa hiyo Python 2 kwa rpm -e --nodeps nikijiona mjanja, kuandika yum install tu nikajibiwa "/usr/bin/python: bad interpreter", yaani kifaa cha kuirudishia ndo hicho nimekiua.

Hatua ya 1. Piga bakapu kwanza, halafu ona Python zipi zipo:
ls -l /usr/bin/python*
Python3 usiiguse kabisa, Ubuntu inaitegemea kwa mambo kibao, ukiing'oa inaweza kuondoka na desktopu nzima.

Hatua ya 2. Angalia nani anaitegemea:
apt rdepends --installed python2.7-minimal
Inaonyesha ngazi moja tu, kwa hiyo kila jina linalotokea rudia nalo amri hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Hii ndo watu wanairuka halafu wanalia. Apt inajua paketi zake tu, ile skripti uliyoiandika mwenyewe usiku mmoja ukaisahau haina habari nayo. Itafute:
grep -rIlE '^#!.*python(2|2\.7)?( |$)' /usr/local/bin /opt /etc /home
Hiyo inakamata faili zinazoita python au python2, za python3 inaziacha. Pitia na crontab -l (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba) ya kila yuza pamoja na /etc/cron.d, coz kuna kazi zinaita python moja kwa moja bila skripti kuwa na ule mstari wa juu wa #!, grep haizioni. Zilizopatikana zihamishie Python 3 kwanza, usiendelee mpaka zimekubali.

Hatua ya 4. Jaribu kwa kuigiza, hapa hakifutwi kitu:
apt-get -s purge python2.7-minimal
Soma mistari ya Remv na Purg (paketi zitakazoondolewa) mmoja mmoja. Ukiona jina usilolijua simama, kalitafute ni la nini, mambo ya kubonyeza y haraka haraka hapa acha.

Hatua ya 5. Imekaa sawa? Toa -s uipige kweli, kisha apt autoremove, nayo isome kabla ya kukubali.

Hatua ya 6. Vitu ulivyoweka kwa pip (kifaa cha Python cha kuweka maktaba zake) vinabaki /usr/local/lib/python2.7, apt haivigusi, futa mwenyewe.

Kama kuna kitu bado kinaita python tupu, weka paketi ya python-is-python3. Ila hiyo inabadilisha jina tu, skripti yenye print bila mabano itakufa vile vile.