Daftari la mkopo ndani ya SQL: jenga hifadhidata yako ya kwanza

Daftari la mkopo la shangazi yangu lilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila mteja. Ukurasa ukijaa, jumla inahamishiwa ukurasa wa nyuma na ile ya zamani inakatwa kwa mstari. Siku moja jumla ya zamani haikukatwa. Mteja akadaiwa mara mbili, na kesi ikachukua jioni nzima barazani. Kila hesabu ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba deni moja liliandikwa mahali pawili.

Tulijenge upya daftari hilo kwa SQLite. Ni programu ndogo ya hifadhidata, ya bure, inayopokea amri za SQL (lugha ya kuandika na kuuliza taarifa), na hata simu yako ya Android inaitumia kimyakimya. Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install sqlite3`, kwenye Mac ipo tayari, na kwenye Windows pakua kutoka sqlite.org. Kisha fungua faili:

```
sqlite3 duka.db
```

Hatua ya 1: Pambanua vitu

Kabla ya kuandika amri yoyote, jiulize daftari linazungumzia vitu gani. Hapa ni vitatu: mteja, bidhaa alizokopa, na pesa alizolipa. Kila kimoja kinapata jedwali lake. Ndani ya jedwali, mstari mmoja ni tukio moja au mtu mmoja, na safu ni sifa yake: jina, tarehe, kiasi.

Salio la deni halina safu. Wanaoanza wengi huliweka, nami niliwahi kuliweka. Lakini salio hupatikana kwa mikopo kutoa malipo, na ukiliandika pembeni umerudi kwenye kesi ya barazani.

Hatua ya 2: Unda majedwali

```sql
PRAGMA foreign_keys = ON;

CREATE TABLE wateja (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  alama TEXT,
  simu TEXT
);

CREATE TABLE mikopo (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  bidhaa TEXT NOT NULL,
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0)
);

CREATE TABLE malipo (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0)
);
```

Safu ya `id` ndiyo ufunguo msingi. Mtaani kwetu kuna Mama Asha wawili, kwa hiyo jina halitoshi kumtambulisha mtu, namba inatosha. `mteja_id` ni ufunguo wa kigeni: kila mkopo unamwonyesha mteja wake kwa namba, bila kurudia jina lake. Simu iwe maandishi, maana ukiifanya namba, sifuri ya mwanzo inapotea.

Mstari wa `PRAGMA` usiudharau. SQLite kwa kawaida haikagui funguo za kigeni mpaka uiamuru, tena kila unapofungua faili upya.

Hatua ya 3: Ingiza taarifa

```sql
INSERT INTO wateja (id, jina, alama) VALUES
  (1, 'Mama Asha', 'wa kisimani'),
  (2, 'Mama Asha', 'mshona nguo'),
  (3, 'Fundi Saidi', 'wa baiskeli');

INSERT INTO mikopo (mteja_id, tarehe, bidhaa, kiasi) VALUES
  (1, '2025-03-02', 'sukari', 6000),
  (1, '2025-03-05', 'mchele', 14000),
  (2, '2025-03-05', 'unga', 9000),
  (3, '2025-03-06', 'mafuta ya kula', 5000);

INSERT INTO malipo (mteja_id, tarehe, kiasi) VALUES
  (1, '2025-03-10', 5000),
  (1, '2025-03-17', 3000),
  (2, '2025-03-12', 9000);
```

Sasa jaribu kuingiza malipo ya mteja namba 9, ambaye hayupo. Utagomewa kwa ujumbe `FOREIGN KEY constraint failed`. Daftari la karatasi lingekubali tu.

Hatua ya 4: Uliza

```sql
SELECT w.jina, w.alama, m.bidhaa, m.kiasi
FROM mikopo m
JOIN wateja w ON w.id = m.mteja_id
WHERE m.tarehe = '2025-03-05';
```

Hapa `m` na `w` ni majina mafupi ya majedwali, na `JOIN` inaunganisha kila mkopo na mteja wake. Unapata mchele wa Mama Asha wa kisimani na unga wa Mama Asha mshona nguo. Angalia kwamba hukueleza kompyuta ianzie wapi wala ipekue vipi; umesema unachotaka, basi. Wazo hilo lilitoka kwa Edgar Codd wa IBM mwaka 1970. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kujua njia ya kuifikia kila taarifa.

Hatua ya 5: Nani anadaiwa ngapi?

Hapa ndipo watu huumia. Jibu linalokuja haraka kichwani ni kuunganisha majedwali yote matatu:

```sql
SELECT w.jina, w.alama, SUM(m.kiasi) - SUM(p.kiasi) AS deni
FROM wateja w
JOIN mikopo m ON m.mteja_id = w.id
JOIN malipo p ON p.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id;
```

Amri inapita bila kulalamika, na majibu ni ya uongo. Mama Asha wa kisimani amekopa 20,000 na kulipa 8,000, hivyo anadaiwa 12,000. Amri inasema 24,000. Kwa nini? Ana mikopo miwili na malipo mawili, na `JOIN` hukutanisha kila mkopo na kila malipo: mistari minne. Mikopo inasomeka 40,000, malipo 16,000.

Fundi Saidi naye hayumo kabisa. Hajalipa hata shilingi, kwa hiyo hana mstari wa kukutana nao. Mdaiwa sugu ndiye aliyetoweka!

Jumlisha kila upande peke yake:

```sql
SELECT w.jina, w.alama,
  COALESCE((SELECT SUM(kiasi) FROM mikopo WHERE mteja_id = w.id), 0)
  - COALESCE((SELECT SUM(kiasi) FROM malipo WHERE mteja_id = w.id), 0) AS deni
FROM wateja w
ORDER BY deni DESC;
```

Sasa ni 12,000, 5,000 na 0. `COALESCE` huweka 0 mahali pa `NULL`, nayo ipo kwa ajili ya Fundi Saidi: jumla ya malipo yake ni `NULL`, yaani hakuna kilichoandikwa, na 5,000 kutoa `NULL` ni `NULL` vilevile.

Hatua ya 6: Sahihisha ndani ya muamala

Imegundulika kwamba sukari ilichukuliwa na Mama Asha mshona nguo. Anza na `BEGIN`, inayofungua muamala, yaani kundi la mabadiliko yasiyo ya kudumu mpaka uyathibitishe, kisha tufanye kosa makusudi:

```sql
BEGIN;
UPDATE mikopo SET mteja_id = 2;
```

Rudia swali la hatua ya 5. Mshona nguo anadaiwa 25,000, Fundi Saidi hadaiwi kitu, na Mama Asha wa kisimani ana -8,000, yaani duka ndilo linalodaiwa naye. Nimesahau `WHERE`, na mikopo yote imehamia kwa mtu mmoja. Andika `ROLLBACK;` na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kisha:

```sql
BEGIN;
UPDATE mikopo SET mteja_id = 2 WHERE id = 1;
```

Uliza tena kabla ya kuthibitisha. Mama Asha wote wawili wanadaiwa 6,000 kila mmoja, Fundi Saidi 5,000. Hapo ndipo unaandika `COMMIT;`.