SOMO: Kuchagua boksi la TV na kuangalia 4K halisi nyumbani bila kupigwa

Wakuu, habari za majukumu. Kila wiki napata swali lile lile: "TV yangu ni 4K, boksi limeandikwa 4K, mbona picha ina ukungu?" Nimelijibu hapa Njiro, nimelijibu Sakina, nimelijibu kwa simu mpaka Moshi huko. Sasa naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Elewa jambo moja kwanza. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya Full HD ambayo ni 1920 kwa 1080. Picha hiyo inatoka kwenye video yenyewe, inapita kwenye intaneti, inaingia kwenye boksi (kifaa unachochomeka kwenye TV ili icheze video za mtandaoni), inapita kwenye waya na tundu la TV ndipo ifike kwenye kioo. Ikishuka mahali pamoja tu, inakufikia imeshuka, hata kama vingine vyote umenunua vya bei mbaya. Kwa hiyo tunakagua kimoja kimoja.

Hatua ya 1. TV. Hakikisha imeandikwa 4K au UHD kwenye karatasi ya maelezo, siyo stika ya dukani peke yake. Kama ni smart TV na Netflix na YouTube zake zinatoa 4K bila kukwama, ishia hapa. Huhitaji boksi.

Hatua ya 2. Boksi. Hapa ndipo nilipoumia, naomba usome taratibu.

Desemba moja nilipanda Kibosho na boksi jipya, limeandikwa "8K" kwa herufi kubwa, RAM nyingi, bei nafuu. Mpango ulikuwa familia nzima tuangalie harusi ya mdogo wangu, ambayo mpiga video alirekodi kwa 4K, fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazopita kila sekunde. Sebule imejaa, wazee wamekaa mbele, mama ameshafunga mlango wa jikoni ili asikose kitu. Nikawasha. Sauti ikaenda, picha ikabaki nyuma inakatakata. Maharusi wanaingia kanisani kama picha za mnato. Nikahamia Netflix ili wageni wasikae bure, ikatoka picha ya ukungu. Na bando la mwezi nililoweka kwenye rauta liliisha siku ya nne, wakati usiku hakuna aliyekuwa akiangalia chochote.

Yalikuwa matatizo matatu, na nilichukua muda kuyaelewa:

Kwanza, chipu. Maboksi mengi ya bei ya chini yana chipu inayofika 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Ukiliwekea video ya fremu 60, linazidiwa. Neno "8K" kwenye kasha halibadilishi chipu iliyomo ndani. Hata RAM na ujazo vinavyoonekana kwenye mipangilio huwa vimeghushiwa kwenye baadhi ya maboksi.

Pili, kufuli la video. Netflix na wenzake hufunga video zao kwa mfumo unaoitwa Widevine. Kifaa chenye daraja L1 kinaruhusiwa kupokea HD na 4K. Chenye L3 kinapewa 480p, yaani picha ya chini ya HD, basi, hata ulipie kifurushi gani. Maboksi mengi ya namna ile ni L3, kwa sababu ndani yamewekwa Android ya simu na siyo Android TV au Google TV. Dalili utaiona hapo hapo dukani: fungua Netflix. Ikikulazimisha utumie mshale wa mausi kuchagua filamu, hiyo ni Netflix ya simu. Rudisha boksi kwenye kasha. Unaweza pia kuweka programu ya bure iitwayo DRM Info, itakuandikia L1 au L3.

Tatu, usalama. Hili halitaniwi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, wenye mamilioni ya vifaa vya majumbani, yakiwemo maboksi ya TV. Mengine hutoka kiwandani tayari yana programu hasidi, mengine huipata ukipakua programu zinazotakiwa wakati wa kuliwasha mara ya kwanza. Wahalifu hupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumba yako. Boksi likikuambia uzime Play Protect, yaani kinga ya Google dhidi ya programu hasidi, ili lifanye kazi, chomoa. Likikuahidi chaneli zote za dunia bure, usilinunue kabisa.

Nunua kifaa chenye idhini. Xiaomi TV Box S toleo la pili la 2023 ina Google TV na inatosha nyumba nyingi. Fire TV Stick 4K ni nzuri, ila utahitaji akaunti ya Amazon. Google TV Streamer ya 2024 ina tundu la waya wa mtandao. Apple TV 4K ni ya wenye fedha na iPhone. Angalia neno 4K kwenye jina, maana Fire Stick na Chromecast zina matoleo ya HD yanayofanana sana kwa sura.

Hatua ya 3. Umeme wa kifaa. Tumia chaja yake, ichomeke ukutani. Usichomeke stiki kwenye USB ya TV.

Hatua ya 4. Waya na tundu la HDMI. 4K ya fremu 60 inataka HDMI 2.0, yenye uwezo wa Gbps 18 (gigabiti 18 kwa sekunde). HDMI 1.4 inaishia fremu 30. Tafuta waya wenye alama ya Premium High Speed, na usizidi mita tano. Kwenye TV nyingine siyo matundu yote yana uwezo sawa, soma maandishi madogo pembeni ya tundu, na tundu liwe na HDCP 2.2, yaani kinga ya kuzuia video kunakiliwa, la sivyo Netflix haitatoa 4K.

Halafu kuna mpangilio ambao karibu kila mtu anauacha. TV nyingi hutoka kiwandani tundu likiwa limefungwa kwenye uwezo mdogo. Kwa Samsung tafuta Input Signal Plus. Kwa LG tafuta Ultra HD Deep Colour. Kwa Sony ni Enhanced format. Washa kwa tundu lile lile ulilochomekea boksi.

Hatua ya 5. Intaneti. Netflix inashauri Mbps 15 (megabiti 15 kwa sekunde) kwa 4K, YouTube inashauri 20. Pima kwa fast.com ukiwa pale pale kwenye TV, siyo nje kibarazani. Nyumba zetu ni za tofali za bloku na Wi-Fi ya 5 GHz haipendi kuta. Ile ya 2.4 GHz inapenya vizuri zaidi lakini inagombaniwa na majirani na maikrowevu. Ukiweza, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye rauta.

Hatua ya 6. Hakikisha kwa macho. Kwenye Netflix tafuta Test Patterns, icheze, itakuandikia ukubwa wa picha na kasi. Kwenye YouTube fungua mipangilio ya video, washa Stats for nerds, usome 3840x2160. Na 4K ya Netflix inataka kifurushi cha Premium.

Maswali karibu.

---

Kijana wa Pasua: Asante mkuu. Nimepitia juu juu. Kwa hiyo nichukue lipi?

Mleta somo: Hatua ya 2, aya ya mwisho.

Mwana Ungalimited: Mkuu acha kutisha watu. Mimi nina boksi la 8K mwaka wa pili huu, linapiga mzigo vizuri tu. Menyu yenyewe inaandika 4K.

Mleta somo: Menyu inaandika kile boksi linachotoa kwenda kwa TV. Linaweza kupokea video ya 480p, likainyoosha, likaituma kama 4K. Fanya hatua ya 6 uweke picha ya matokeo hapa. Sina duka, sina ninachopata ukiliacha au ukilishika.

Mwana Ungalimited: Test Patterns inaandika 720x480. Hii ndo nini?

Mleta somo: Ndiyo L3 niliyoieleza. Hakuna mpangilio wa kuirekebisha, ni kifaa chenyewe. Kwa video zako za flashi endelea nalo, ila lichomoe kwenye intaneti.

Mama wa Rau: Shikamoo mwalimu. Mimi natumia rauta ya laini, nanunua bando la GB. Ningependa kujua saa moja ya 4K inakula kiasi gani, na hiyo hesabu mnaipataje?

Mleta somo: Marahaba mama, umeuliza jambo la maana sana. Mbps 15 ni megabiti 15 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3600, zidisha unapata megabiti 54,000. Baiti moja ni biti 8, gawanya kwa 8 unapata megabaiti 6,750. Karibu GB 7 kwa saa, na Netflix wenyewe wanataja kiasi hicho. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Kwa HD wanataja mpaka GB 3 kwa saa. Kwa bando la kuhesabu, ingia akaunti yako ya Netflix kwa kivinjari, kwenye wasifu wako kuna sehemu ya kuchagua matumizi ya data, weka ya kati. 4K iwe ya wenye faiba au bando lisilo na ukomo.

Mama wa Rau: Nimeelewa, Mungu akubariki. Nitaweka ya kati.

Olmoti Juu: Kaka, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa huku kwetu, na mimi nataka sebule iwe tayari. Nina TV ya HD inchi 43, kochi liko mita tatu. Nihamie 4K ya inchi 43 hiyo hiyo?

Mleta somo: Usihamie. Kwa inchi 43 na mita tatu, jicho la kawaida halitenganishi pikseli za Full HD, sembuse za 4K. Utalipa usichokiona. Ama usogeze kochi, ama uchukue inchi 75 kuendelea. Na mechi iliyorushwa kwa HD itabaki HD kwenye TV yoyote, TV inajaza pikseli kwa kukisia tu. Nafasi ya kochi pima kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani, watu wengi wanakisia.

Njoro 77: Nimefanya hatua zote haikubali.

Mleta somo: Haikubali nini?

Njoro 77: Inajizima.

Mleta somo: Kifaa gani, na umekichomeka wapi?

Njoro 77: Fire Stick. Iko nyuma ya TV, kwenye USB.

Mleta somo: Hatua ya 3 ni sentensi mbili. USB 2.0 ya TV inatoa ampea 0.5, stiki inataka karibu 1 ikianza kufanya kazi nzito, ndiyo maana menyu inafunguka na filamu inazima. Tumia chaja iliyokuja nayo.

Njoro 77: Imekubali. Samahani mkuu.

Fundi Majengo: Naongezea kwa wanaotumia flashi. Faili la 4K likikataa kunakiliwa huku nafasi ipo, flashi yako ni FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Iformati iwe exFAT, ila uhamishe vitu vyako kwanza maana vitafutika, na hakikisha TV au boksi lako linaisoma. Pia huku Moshi umeme ukikatika na kurudi, unarudi na nguvu. Weka TV gadi kabla ya TV na boksi. Na radi zikianza, chomoa mpaka waya wa antena. Nimeshafungua TV nyingi zilizopigwa kupitia hapo.

Mleta somo: Fundi ameongea. La antena sikulijua, naliweka kwangu leo.

Mwanafunzi wa Sekei: Kaka, umetaja chipu kuzidiwa. Kuna hizi H.264, HEVC na AV1. Zinahusianaje na boksi?

Mleta somo: Ni namna za kuibana video ili iwe nyepesi. H.264 ni ya 2003, HEVC ni ya 2013, AV1 ni ya 2018, na kila mpya inabana zaidi kwa ubora ule ule. Lakini kuifungua kunataka chipu iliyotengenezwa kwa namna hiyo, isipokuwepo kazi inaangukia kwa prosesa ya kawaida, ndipo picha inakatakata. YouTube hutumia VP9, namna nyingine ya Google, na AV1 kwa 4K. Chromecast ya 4K ya 2020 haina AV1 na bado inacheza YouTube 4K kwa VP9, kwa hiyo usitupe kifaa kwa sababu hiyo peke yake. Ila ukinunua kipya leo, chukua chenye AV1, itakusaidia kwenye bando pia.

Mwanafunzi wa Sekei: Asante sana. Na ile video ya harusi, mliiangaliaje mwishowe?

Mleta somo: Nilishusha fremu. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa HandBrake. Niliingiza faili, nikachagua H.265 (ndiyo HEVC), fremu 30 kwa sekunde, ukubwa wa picha nikauacha 3840 kwa 2160. Laptopu yangu ilifanya kazi usiku kucha na feni inalia. Tukaiweka kwenye boksi lile lile, likiwa halina intaneti, likaicheza bila kukwama. Ilikuwa tarehe 2 Januari, nusu ya ndugu walikuwa wameshateremka kurudi Arusha na Dar. Mama aliirudisha mara tatu pale anapoingia yeye, akitaka kuona ushonaji wa gauni lake.