Kuwaandaa kadeti kwa hafla ya kuwakumbuka askari waliofariki vitani: hatua kwa hatua

Kadeti wengi huja kwenye mazoezi ya hafla ya kumbukumbu wakiwa na hamu ya kupiga kwata mbele ya watu. Siku ya kwanza mimi huwaeleza kwamba watatembea kidogo sana na kusimama kwa muda mrefu, na kwamba kusimama huko ndiko kazi waliyoitiwa. Mwongozo huu ni kwa mkufunzi au mlezi ambaye kikundi chake kimealikwa kwa mara ya kwanza. Ukiwa na wiki nne zinatosha. Ukiwa na mbili, punguza mwendo wa gwaride lakini usipunguze zoezi la kusimama.

Hatua ya 1: Fahamu nafasi yenu katika ratiba

Kabla ya zoezi lolote, kutana na waandaaji, na ikiwezekana wawakilishi wa askari wastaafu na wa familia za marehemu, upate ratiba iliyoandikwa. Uliza kadeti wataingia lini, watasimama wapi, nani atatoa amri, na watatoka kwa njia ipi. Uliza pia kuhusu saluti, kwa sababu katika majeshi mengi mwenye kofia ya sare ndiye anayepiga saluti na asiye na kofia huinamisha kichwa, ilhali majeshi mengine yana utaratibu tofauti. Ulinzi wa silaha kwenye mnara wa kumbukumbu, ambapo askari wanne husimama pembe nne wakiwa wameelekeza midomo ya bunduki chini, uachiwe askari wenyewe. Huo ndio msimamo wangu, na sijawahi kuujutia: kijana mwenye mikono mitupu na mgongo ulionyooka anatosha kabisa.

Hatua ya 2: Mpe kila kadeti jina moja

Chukua orodha ya majina yaliyoandikwa kwenye mnara au kwenye makaburi, umgawie kila kadeti jina moja. Atafute cheo cha mtu huyo, umri wake na mahali alipofia, na ajifunze kulitamka jina lake sawasawa, hasa kama atalisoma hadharani. Mpigie simu ndugu wa marehemu umuulize matamshi, kwani jina likikosewa mbele ya mama mzazi hakuna namna ya kulirudisha.

Kutakuwa na wasio na majina, na vijana watauliza sababu. Wajibu kwa ukweli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa msimamo kwamba wafu wote watendewe sawa bila kujali cheo, ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa Afrika Mashariki, wengi kati ya hao walikuwa wabeba mizigo wa jeshi. Kadeti aliyekosa jina la kukabidhiwa nampa hao, na nimeona mara nyingi kwamba yeye ndiye anayesimama kwa utulivu kuliko wenzake.

Hatua ya 3: Fundisha kusimama

Hapa ndipo hafla nyingi huharibika. Mtu akisimama bila kutikisika, damu hukusanyika miguuni kwa sababu misuli ya mashavu ya miguu, ambayo huisukuma irudi kwenye moyo, imetulia. Ubongo ukipungukiwa damu, mtu huanguka. Jua kali, tumbo tupu na kiu huharakisha jambo hilo. Nilikuwa na kadeti hodari aliyeruka kifungua kinywa ili awahi, akaanguka kifudifudi wakati majina yakisomwa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha kuvumilia bila kumfundisha namna ya kuvumilia.

Anza na dakika 5, uongeze kidogo kidogo hadi ufikie muda halisi wa hafla, na mazoezi ya mwisho yafanyike saa ileile ya siku, wakiwa na sare na viatu vilevile. Magoti yasikazwe hadi mwisho. Yawe yamelegea kiasi ambacho mtazamaji hataona. Ndani ya viatu wakunje na kukunjua vidole, kisha wakaze na kulegeza misuli ya mashavu ya miguu, taratibu, bila kuyumba. Macho yabaki wazi, yakitazama kitu kimoja kilicho mbali, maana anayefumba macho huanza kuyumba. Usiku wa kuamkia hafla na asubuhi yake wanywe maji, na wote wale.

Waambie wazi kwamba anayeona giza au kusikia masikio yakivuma apige goti moja palepale na kuinamisha kichwa. Watazamaji watadhani ni sehemu ya heshima, na hata wasipodhani hivyo, goti ni bora kuliko taya lililovunjika. Weka mtu mzima mwenye maji nyuma ya kila mstari.

Hatua ya 4: Bendera na shada la maua

Bendera ya nusu mlingoti haiishii katikati mara moja. Hupandishwa hadi kileleni, ikatulia kidogo, ndipo hushushwa hadi nusu; na inapoteremshwa mwisho wa siku hurudishwa kwanza kileleni. Kagua kamba na kapi jioni iliyotangulia, na bendera isiguse ardhi.

Shada hubebwa kwa mikono miwili, utepe wenye maandishi ukiwatazama watu. Kadeti hutembea polepole, husimama hatua moja kabla ya mnara, huinama kwa magoti badala ya kiuno, huliweka, halafu hulishikilia kwa pumzi moja kabla ya kuliachia. Pumzi hiyo ifanyieni mazoezi sana, kwa kuwa wengi huliachia kama mtu aliyetua ndoo. Kisha husimama, hurudi nyuma hatua moja, hutulia, hutoa heshima na kugeuka.

Hatua ya 5: Kimya

Kimya cha dakika mbili kilianza kuadhimishwa Uingereza na katika himaya yake mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza kusitishwa saa 5 asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918. Wengine hukaa kimya dakika moja. Muda upimwe na mtu mmoja mwenye saa, na tarumbeta ndiyo iwe alama ya kuanza na kumaliza. Kadeti wasihesabu kichwani, kwa sababu atakayemaliza mapema atatikisika. Badala yake warudie kimoyomoyo lile jina walilopewa.

Hatua ya 6: Baada ya amri ya kutawanyika

Usiwaruhusu kukimbilia simu na kupiga picha mbele ya mnara. Wapeleke kivulini, wanywe maji, uwaulize mmoja mmoja wanajisikiaje, kwani kuna aliyezika baba au kaka aliyekuwa askari na hakukuambia. Ndugu wa marehemu wakija kuwasalimu, kadeti avue glavu, asalimie kwa adabu, na amtaje marehemu kwa jina.