Mguu wa mama umevimba Newala: kabla hujatuma soksi za kubana

Habari ikitoka Newala, Masasi au Kilwa kwamba mguu wa mzazi umevimba, wengi tulio ughaibuni tunakimbilia duka la dawa kununua soksi za kubana. Soksi hizo zinasaidia kweli, ila mguu ambao damu haiufikii vizuri unaweza kuoza ukibanwa. Kwa hiyo kwanza ujue ni uvimbe gani.

Vena ndiyo mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu ya miguuni inapandishwa na msuli wa kigimbi kila mtu anapotembea, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isishuke tena. Vali zikilegea, kwa sababu ya kurithi, mimba, unene, umri au damu iliyowahi kuganda mguuni, damu hutuama chini. Anayeshinda amesimama sokoni au amekaa akibangua korosho huumia zaidi, maana kigimbi hakifanyi kazi.

Uvimbe wa vena huanzia kifundoni, huzidi jioni na hupungua asubuhi. Ukibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Mishipa hujitokeza na kupindapinda. Baada ya miaka, ngozi ya upande wa ndani juu ya kifundo huwa nyeusi zaidi, ngumu na ya kuwasha, kisha hapohapo hutokea kidonda kisichopona.

Pwani ya Kusini kuna matende, na mguu wowote mnene hupewa jina hilo, au huambiwa mgonjwa amekanyaga uchawi. Mwambie aliye nyumbani ajaribu kubana na kuinua ngozi ya juu, kwenye shina la kidole kinachofuata kidole gumba. Isipoinuka, na uvimbe umeingia hadi vidoleni, fikirieni matende kwanza. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, moyo, figo na ini vikaguliwe. Muulize pia anatumia dawa gani za presha, kwa sababu amlodipine huvimbisha vifundo. Dawa hiyo asiiache mwenyewe, daktari ataibadilisha.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma kigimbini na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani. Usisubiri wekundu: kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani. Hapo hakuna kuchua wala kukanda. Ni hospitali siku hiyohiyo, kwani bonge likinyofoka huenda mapafuni. Akianza kuhema, kuchomwa kifuani au kukohoa damu, hiyo ni dharura.

Tuje kwenye soksi. Kabla ya kununua, kituo cha afya kipime presha ya kifundo na kuigawa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1.3, kwa kawaida kubana kunaruhusiwa. Likiwa chini ya hapo, daktari aamue. Mwenye kisukari anaweza kupata namba inayodanganya kwa sababu mishipa yake imekakamaa, kwa hiyo anahitaji uchunguzi zaidi. Nyayo baridi, vidonda vidoleni, au kigimbi kinachouma akitembea na kutulia akisimama ni dalili za kutotuma soksi kabisa kwa sasa.

Vipimo vya saizi vichukuliwe alfajiri kabla hajashuka kitandani, kwa futikamba ya fundi cherehani, kila mguu peke yake: mzunguko wa sehemu nyembamba juu ya kifundo, mzunguko wa kigimbi kinapokuwa kinene, na urefu kutoka unyayo hadi chini kidogo ya goti. Saizi ya kiatu haitoshi.

Wengi hukosea kwenye daraja, yaani kiwango cha nguvu ya soksi kubana, ambacho hupimwa kwa mmHg kama presha. Daraja la 2 la Uingereza ni 18–24 mmHg, la Ujerumani ni 23–32. Mwandikie muuzaji namba za mmHg, si daraja. Kwa joto la Lindi, soksi laini inayovaliwa kila siku ina faida kuliko kali inayokaa kabatini. Tuma jozi mbili. Zivaliwe asubuhi, zivuliwe usiku. Glavu za mpira za jikoni husaidia kuzipandisha. Ukingo wa juu usikunjwe, maana mkunjo hubana kama kamba. Zifuliwe kwa mkono bila jiki na kuanikwa kivulini. Baada ya miezi 6 hivi zimelegea, nunua nyingine.

Soksi haziponyi vali. Kinachoonyesha zinapovuja ni ultrasaundi ya dopla. Anzeni Ligula, Sokoine Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, na mpige simu kwanza kuuliza siku ambayo mpimaji wa dopla yupo. Tiba zenyewe ni kuchoma vena kwa joto kutoka ndani, kuidunga dawa ya povu, au kuitoa kwa upasuaji. Mishipa hiyo ikizibwa, damu hupita kwenye vena za ndani, mradi ziwe wazi. Ndiyo maana dopla hutangulia. Ikibidi rufaa ya Muhimbili, mgonjwa abebe majibu na dawa zake zote.

Nawe unayekuja likizo, ndege ya zaidi ya saa 4 na kisha basi la kilomita zipatazo 560 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kukaa mno. Chezesha vifundo kila nusu saa na utembee. Kama umewahi kugandisha damu, una mimba au umetoka kufanyiwa upasuaji, muone daktari kabla ya kukata tiketi. Aspirini ya kujinunulia si kinga ya safari.

Mshipa uliojitokeza ukipasuka, damu hutoka nyingi na watu hukimbilia kufunga kamba juu ya jeraha. Kamba huziba damu isipande na kuzidisha kuvuja. Mgonjwa alale chini, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, kitambaa safi kikandamizwe palepale kwa dakika 10 bila kuchungulia, kisha apelekwe hospitali hata kama damu imekoma.